Vifaa Viwili, Akaunti Moja

3 Machi

Baba Pacha,

Salamu zipo, usizitafute kwenye mistari. Nakuandikia kwa sababu mambo ya simu tulishayamaliza: huko kambini kwenu haishiki, na hata ikishika, dakika ya tatu mmoja wetu kakata. Mara ya mwisho aliyekata ni mimi, na sitaki kurudia.

Nina shida. Kile kifaa cha kusomea vitabu walichoninunulia pacha wetu, kile kilichofanana na chako, kimeingia wazimu. Nikikigusa kigeuze ukurasa, kinageuza kurasa mbili. Wiki hii nimesoma riwaya nzima kwa kurukaruka. Bi harusi nilimwacha anavaa viatu, nikamkuta anajifungua. Nikijaribu kurudi nyuma, kinarudi kurasa tano na kuniacha kwenye posa.

Na hata kikiwa kizima, Kiswahili hakijui kabisa. Kazi yangu unaijua: kutwa nzima nasoma prufu, zile kurasa za majaribio, pale kiwanda cha uchapaji, natazama maneno yalivyokatwa mwisho wa mstari. Narudi nyumbani nipumzike, nakuta kifaa kimekata "mashairi" kikaandika "mas-hairi". "Kichwa" kimekuwa "kic-hwa". Jana nilibonyeza neno "pole" nione kamusi yake itasemaje, ikaniambia ni mti mrefu wa kusimamishia bendera. "Panda" nayo eti ni mnyama mwenye mabaka meusi, anakula mianzi. Mwandishi kaandika "panda basi twende", hebu fikiria safari hiyo.

Nataka kununua kipya. Dukani kuna vitatu vinavyonivutia: kimoja kina vitufe pembeni vya kugeuzia ukurasa, cha pili hakiingii maji, cha tatu unakiandikia kwa kalamu yake juu ya kioo. Wewe ndiye mtu pekee ninayemjua anayesoma kijitabu cha maelekezo kuanzia jalada mpaka anwani ya kiwanda. Nishauri.

Nikinunua nitafungua akaunti yangu mwenyewe. Mwaka wa pili huu tangu tutengane, tumegawana masufuria, tumegawana mashuka, na vitabu bado viko kapu moja. Nikiwa ukurasa wa kumi kifaa kinaniuliza kama nataka kuruka mpaka wa mia mbili, ulipofika wewe. Sitaki kuruka, nataka kusoma kwa mwendo wangu.

Mama Pacha


14 Machi

Mama Pacha,

Barua yako nimeipata leo Jumamosi, siku ya kumi na moja tangu uiandike. Unajua utaratibu wetu: nashuka mjini na gari la mahitaji kila baada ya wiki mbili, nachukua barua, nawasha kifaa kipate mtandao, tunarudi kupima ardhi. Nakujibu nikiwa kwenye benchi la posta, kwa hiyo mwandiko usiuhukumu.

Nimeyapima maswali yako moja baada ya jingine. Chenye vitufe usinunue. Vitufe huliwa na vumbi. Mashine yangu ya kupimia ina vitufe vinne na kimoja kimeshagoma. Kisichoingia maji hakina faida kwako, maana husomi bafuni. Kama umeanza, hilo ni jambo jipya na sikuulizi. Chenye kalamu ndiyo kabisa usikiguse. Wewe, na kalamu, juu ya kitabu cha mtu? Hutavuka ukurasa wa kwanza. Utamsahihisha mwandishi mpaka jina lake.

Ushauri wangu wa kitaalamu ni ubaki na ulicho nacho. Kipanguse kioo kwa kitambaa kikavu, kizime, hesabu mpaka ishirini, kiwashe. Changu nimekipanga vizuri sana: pambizo milimita tisa kila upande (nimepima kwa rula), mistari ishirini na mitatu kwa ukurasa, herufi nene kidogo, na taa ya ndani nimeipunguza iwe ya manjano. Kifaa si kibaya, kinataka mtu wa kukaa nacho chini.

Kuhusu akaunti, haraka ya nini? Kumbuka imeandikishwa kwa jina langu. Ukijitoa, vile vitabu mia mbili na kumi na viwili vitabaki huku, nawe utaanza na kapu tupu. Nasema kwa faida yako tu.

Mimi mzima. Hakuna jipya.

Baba Pacha


19 Machi

Baba Pacha,

"Hakuna jipya", umeandika. Haya.

Nimekubali yote. Vitufe nimeviacha, cha maji nimekiacha, kalamu nimeirudisha kwa machungu. Mwenye duka ameanza kunichoka. Nimeshika vifaa vyake mara nne, nimekuza herufi, nimezipunguza, nimepanua mistari, nimewasha taa na kuizima, mpaka jana akaniuliza kama nimetumwa na duka la jirani.

Sasa kanionyesha vingine. Kimoja kina rangi. Kingine ni kikubwa kama sinia. Na kuna kimoja kinasoma kwa sauti! Kuna mama ndani, unabonyeza, anakusomea huku unapiga pasi. Nikaweka kitabu cha Kiswahili tumjaribu. Mama wa watu! "Mwanangu" aliitamka kama anatafuna kokoto. Alipofika kwenye "ng'ombe", ile alama ya juu ikamkwama, akanyamaza moja kwa moja. Mwenye duka akadhani kifaa kimekufa, akaanza kukipigapiga mgongoni. Baada ya muda mama akazinduka, akasema "ombe".

Hata hivyo nimempenda kidogo. Unasemaje?

Mama Pacha

Nilisahau: huo mguu uloweke kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi, asubuhi na jioni, na yale mabuti uyatupe. Pole sana.


28 Machi

Mama Pacha,

Mguu gani? Na nani kakwambia?

Tarehe nne nilitumbukia kwenye shimo. Shimo lenyewe nililichimbisha mimi kwa ajili ya jiwe la mpaka, nikaliwekea alama mimi, na kamba nyekundu nikaizungushia mimi. Mpima ardhi kuingia kwenye shimo lake mwenyewe si habari ya kutangaza, kwa hiyo sikumwambia mtu yeyote. Pacha hawajui. Ofisi haijui. Aliyeona ni mpishi wa kambi peke yake, kwa sababu ndiye aliyenivuta.

Barua yako safari hii ililetwa kambini Jumatatu na lori la maji, na siku ile ile nikamwita nikamhoji. Amekana. Nimemhoji tena mbele ya mkuu wa kambi, amekana na kulia. Tangu siku hiyo chumvi imepanda kwenye kila anachopika, hata uji.

Kuhusu vifaa: chenye rangi niliwahi kukiona, rangi zimepauka kama kanga iliyoanikwa juani mwaka mzima. Na riwaya zako zina rangi gani? Nyeusi. Kile kikubwa kitakuangukia puani, maana unasoma umelala chali na usingizi unakukuta kitabu kikiwa hewani. Na huyo mama wa ndani, mimi simtaki. Miaka ishirini na miwili ulinilalamikia kwamba nyumba imekuwa kimya, leo unataka kwenda kununua maneno dukani.

Nijibu kuhusu mguu.

Baba Pacha


2 Aprili

Baba Pacha,

Mguu? Nilisema mguu kwa jumla. Watu wa umri wetu, mtu ukimwandikia barua unamwekea "pole na mguu" kama unavyoweka tarehe. Lazima kuna mguu mahali.

Mwache mpishi wa watu. Kama supu yake ni maji ya kuoshea mabuti, hilo halimfanyi kuwa mmbeya.

Na kwa kuwa umeuchokoza mwenyewe huo ukimya, ngoja nikujibu. Ndiyo, nililalamika, na leo ningelalamika tena. Ulikuwa unarudi kutoka kambini baada ya miezi miwili, nakusimulia yote, nani kazaa, nani kafukuzwa kazi, pacha wamefanya nini shuleni, nawe unanijibu "mm". Siku moja nilihesabu. Ulitoa "mm" kumi na nne na "haya" mbili, na moja ya hizo "haya" ilikuwa kikohozi. Sikukuacha kwa ajili ya ugomvi, Baba Pacha. Nilichoka kuongea peke yangu.

Huyo mama wa dukani nimemwacha. Umeshinda tena.

Mama Pacha


11 Aprili

Mama Pacha,

Nimesoma barua yako mara tatu, na mara zote tatu nimesimama pale pale: "maji ya kuoshea mabuti".

Maneno hayo hayajatoka kinywani mwangu. Niliyaandika mahali pamoja tu duniani. Nitakueleza, ingawa si jambo ninalopenda kulisema. Huku nimeanza tabia ya kuandika noti ndani ya kifaa nikiwa nasoma. Nabonyeza neno, naandika pembeni yake, mambo yangu tu. Hayo ya supu niliyaandika kwenye ile riwaya ya upelelezi, pale mpelelezi anapoletewa chakula gerezani. Ya mguu pia yamo humo humo, pale anapokimbia juu ya mapaa.

Basi hesabu imekaa sawa. Nikienda kazini, mpishi anaingia hemani kwangu, anafungua kifaa, anasoma siri zangu, halafu anakuandikia wewe. Na supu yake nimeitukana humo, ndiyo sababu ya chumvi! Kila kitu kimeungana.

Kifaa nimekiwekea namba ya siri. Makao makuu nimewaandikia wamwondoe mpishi kambini, na barua hiyo, ikishapigwa muhuri wa mkuu wa kambi, itaondoka na gari la tarehe 25. Najua ana watoto watano. Imeniuma, lakini mtu anayesoma mambo ya mwenzake kwa siri hafai kukaa na watu.

Niambie ukweli, amekusomea mangapi? Humo kuna noti zisizofaa kusomwa na mtu yeyote, hasa wewe.

Baba Pacha


15 Aprili

Baba Pacha,

Hiyo barua ya makao makuu ichane. Ichane kwanza, ndipo uendelee kusoma. Nimelipia hii iende haraka ili ikukute posta tarehe 25 kabla hujaituma ile.

Mpishi hana kosa. Anayesoma mambo ya mwenzake kwa siri ni mimi.

Akaunti ni moja. Ukiwasha kifaa pale posta, vifaa vyetu vinaambiana, navyo haviambiani ukurasa uliofika tu. Vinaambiana kila sentensi uliyopigia mstari na kila noti uliyoandika. Iko kwenye kijitabu cha maelekezo, ukurasa wa thelathini na moja. Wewe, wewe uliyesoma mpaka anwani ya kiwanda, umeuruka ukurasa huo!

Noti ya kwanza niliiona mwaka jana. Nilikuwa nasoma kile kitabu cha mjane mwenye wachumba watatu, nikafika pale anapowachanganya majina, nikacheka mpaka maziwa yakanitokea puani. Pembeni nikaona kialama. Nikakigusa. "Mama Pacha angecheka hapa."

Nilipaswa kukuambia siku ile ile. Niliona aibu, halafu nikaona raha, na raha ikaishinda aibu. Kila Jumamosi unayoshuka mjini sitoki nyumbani. Saa nne asubuhi nimekaa mezani na kifaa changu kibovu, nasubiri. Najua mkuu wa kambi unamwita Tarumbeta. Najua ulimlilia yule punda wa kwenye hadithi, ukamwambia mwenzako ni vumbi. Najua lile jiwe la mpaka lilikaa upande, hakuna aliyegundua, ukaenda kulipima upya Jumapili peke yako. Ningejivunia, ungeniambia.

Miaka ishirini na miwili nilikuwa nakuangalia upande wa pili wa meza nikijiuliza mwanaume huyu anawaza nini. Jibu nimelipata umeshaondoka, kwenye pambizo ya milimita tisa. Inauma. Ningejua una maneno yote hayo, nisingekufungia begi.

Sitaki kifaa kipya. Nakitaka, lakini nikifungua akaunti yangu sitakusoma tena. Kwa nini unadhani nimekubali kila kasoro uliyonitajia? Lini umewahi kuona nikikukubalia vitu sita mfululizo?

Kasirika, ni haki yako. Ila mpishi mwombe radhi.

Mama Pacha


9 Mei

Baba Pacha,

Gari la tarehe 25 limerudi bila barua yako.

Leo saa nne nilikuwa mezani kama kawaida. Noti zilikuwa mia tatu arobaini na moja, nazijua idadi. Nikaona mia tatu na arobaini. Nikasema ni kile kichaa cha kioo, nikakipangusa kwa kitambaa kikavu kama ulivyoniagiza. Ikawa mia tatu thelathini na nane. Nikakimbilia ile ya mjane ili niinakili nyuma ya risiti, nikafika "Mama Pacha ange", ikatoweka mkononi mwangu. Saa sita kasoro ilikuwa sifuri.

Sikulaumu, zilikuwa zako. Nimelia mpaka jirani akaja kuuliza nani amefariki. Nikamwambia pambizo. Akanipa pole, akauliza mazishi ni lini.

Mama Pacha


23 Mei

Mama Pacha,

Barua ya makao makuu niliichana siku ile ile niliyopata yako. Mpishi nimemwomba radhi. Ya faragha aliikataa, akataka mbele ya kambi nzima, tena nikiwa nimesimama juu ya sanduku la vifaa ili walio nyuma wasikie. Nikapanda. Tarumbeta akapiga picha. Chumvi imeshuka.

Nilikasirika, sikufichi. Kugundua kwamba umesomwa mwaka mzima ni sawa na kuambiwa jioni kwamba suruali yako imechanika nyuma tangu asubuhi. Unaanza kukumbuka kila mtu uliyempa mgongo. Ndiyo maana tarehe 25 sikuandika.

Tarehe 9 nilikaa kwenye benchi nikaanza kuzifuta moja moja. Kila moja niliisoma kwanza. Nilitegemea kukuta mambo yangu mwenyewe, kama nilivyokuambia, nikakukuta wewe. "Hili angelipinga." "Huyu kama shangazi yake." "Leo angenisema." Zaidi ya mia mbili zilikuwa maongezi na wewe, na mimi nilidhani naandika siri. Mwanaume mzima nilikuwa nakusimulia siku yangu kila jioni, miaka miwili baada ya kushindwa kukusimulia ukiwa umekaa mbele yangu.

Nilizifuta hata hivyo, nazo zimekwenda. Ningekuachia, ungebaki na yule wa pembeni, mcheshi, anayelilia punda, nami ningeendelea kuwa yule wa "mm". Namwonea wivu yule bwana, nasema kweli.

Sasa ushauri wa vifaa, safari hii bila hila. Vitufe haviliwi na vumbi kiasi hicho, na nyumba yako haina vumbi. Nilikitafutia kila kifaa kasoro kwa sababu akaunti hiyo ndiyo kitu cha mwisho tulichokuwa nacho pamoja, na niliogopa ukijitoa hatutakuwa na lolote. Nunua chenye vitufe. Kwenye mipangilio kuna mahali pa kuzuia kukata maneno mwisho wa mstari, kizuie, mashairi yako yatapona. Fungua akaunti yako. Sitaki unisome tena. Nataka uniulize.

Nimeomba likizo ya siku kumi. Tarehe 13 Juni saa nane mchana nitafika nyumbani kwako. Kama hutaki, niandikie mapema nisisumbuke na wewe usisumbuke. Kama unataka, uliza chochote nitajibu, na nikitoa "mm" nirushie kilicho karibu, isipokuwa kifaa. Naogopa kuliko siku ya shimo, lakini nakuja.

Baba Pacha


28 Mei

Baba Pacha,

Nimenunua chenye vitufe. Mwenye duka amepiga makofi, wateja wengine wakadhani nimeshinda bahati nasibu.

Barua yako nimeisoma kama ninavyosoma kila kinachopita mezani kwangu, mstari kwa mstari, herufi kwa herufi. Ni safi. Nimekuta kosa moja tu. Umeandika "nitafika nyumbani kwako". Neno la mwisho limezidi, nimelifuta.

Mama Pacha